Hatua Kumi na Mbili

Jumamosi saa tatu nafungua darasa la Sita B.
Kufuli linagoma, nalishawishi kwa jiwe.
Foleni imeshafika choo cha walimu:
Nkwimba na mdogo wake mgongoni,
Mahona, vidole bado vinang'aa magamba ya dagaa,
mapacha wa Kayenze waliokuja kwa miguu,
na Limbu, ambaye sijawahi kumwona
amevaa viatu viwili vinavyofanana.
Hawalipi kitu. Mara mbili nimemuuliza mwalimu Devota,
"Hata mia ya karatasi?"
Hata mia.

Kompyuta ni tano. Moja haina herufi A.
Mahona aliandika jina lake pale likatoka Mhon,
na Igombe nzima sasa inamwita Mhon.

Mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni ufunguo, filimbi,
na ng'ombe wa jirani wanaopenda mchicha wa shule.
Kabla ya hapo nilikata minofu ya sangara, miaka kumi na mmoja.
Siku mashine ilipokwama, macho yote yakanigeukia mimi.
Barua ya kuachishwa kazi ilikuwa na mistari minne.
Ninayo mpaka leo. Sijui ya nini.

Basi umeme ukakatika.
Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, upande wa Ukerewe,
zito kama mtu anayesubiri kulipwa deni.
Nikashika kufuli, nikijua wanarudi kwao.
Devota akasema, "Tokeni nje. Leo kompyuta ni mlinzi."

Wakaandika mchangani kwa kijiti:

ANZA
Nenda mbele hatua moja
Rudia mara kumi na mbili
Geuka kulia
Chukua ndoo
MWISHO

"Usifikiri," Nkwimba akanionya.
"Kompyuta haifikiri. Inafanya ilichoandikiwa."
Hilo nalijua, mwanangu.
Nimelifanya miaka kumi na mmoja, na gambuti miguuni.

Moja. Mbili. Nikaruka jiwe,
maana mawe ya Mwanza huota popote bila kuomba kiwanja.
Tano. Sita.
Hatua walizipima kwa miguu ya Limbu,
mimi nina miguu ya korongo.
Nane,
na paji langu likalipiga simtanki tupu,
buu, mpaka mwenye bodaboda akasimama barabarani.
Tisa, nikalipiga tena.
Kumi. Kofia ikaanguka.
Sikuandikiwa kuiokota.

Walicheka mpaka mtoto wa mgongoni akaamka.
Nami mdomo wangu, uliozoea, ukaanza wenyewe:
samahani, nimekosea, ni hizi hatua zangu...

"Hapana."
Limbu hakuwa anacheka tena.
Alikuwa amechuchumaa juu ya maandishi,
kidole kikishuka mstari kwa mstari
kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki.
"Wewe hujakosea. Umefanya tulichoandika.
Kosa liko hapa, kwetu."
Akaufuta mstari wa tatu kwa kisigino cha kiatu cha kushoto,
kile cha bluu, akaandika upya:

Rudia mpaka mbele kuna kitu. Hapo simama.

Mtoto wa miaka kumi.
Nikajifanya navaa kofia,
nikaivaa kwa muda mrefu.

"Tena," wakasema.
Nikarudi mwanzo. Moja, mbili,
jiwe, tano, saba,
nikasimama shubiri moja kutoka kwenye simtanki.
Wakapiga makofi kama nimefunga bao.
Nikageuka kulia, nikainama,
mkono ukashika hewa.

Kimya. Wote wakarudi kwenye mchanga,
vichwa vinagongana, wanakagua.
Tone la kwanza la mvua likaangukia neno ANZA.
"Hapa pako sawa," akasema Mhon. "Na hapa pako sawa.
Sasa ndoo iko wapi?"

Ndoo niliichukua alfajiri, nikamwagilia mchicha,
nikaiacha nyuma ya jiko.
Nikawaambia: hili, wanangu,
hili ni langu.